Kibao Shingoni mwa Bibi

Jumapili, tarehe mbili Machi. Nilikuwa nimeketi kwenye veranda ya nyumba ya ndugu yangu, katika mtaa wa Hai Mauna, Juba, nikimsaidia mama kuchambua kudra, ule mlenda wetu ambao bila huo mtu wa Juba hahesabu kwamba amekula. Kazi hii mama huifanya kwa mdomo zaidi kuliko kwa mikono. Shina moja huvunjwa kwa habari ya jirani aliyeolewa upya, shina la pili kwa mahubiri ya asubuhi, la tatu kwa kunikumbusha kwamba nimekonda. Siku ile alichambua kimya. Nikadhani anaumwa.

Kisha binti mdogo wa ndugu yangu akatoka ndani na kikombe cha plastiki mkononi. Ana miaka minne. Alisimama mbele ya bibi yake, akafungua mdomo, akageuka kutazama mlango ambako sauti ya baba yake ilisikika, akaufunga. Akaonyesha mtungi kwa kidole. Mama akainuka, magoti yakilia, akamchotea maji, akampa, akamwambia, "Gudi moningi."

Ilikuwa saa tisa alasiri.

Nilimuuliza mama kuna nini. Alinijibu kwa Kiarabu cha Juba, lugha aliyozaliwa nayo mtaani Malakia na aliyotulea kwayo, lakini alinong'ona kama mtu anayenunua kitu cha magendo. Shule ya watoto wadogo kule Atlabara imewaambia wazazi kwamba mtoto huyu amechanganyikiwa. Anatia lugha tatu katika sentensi moja. Nyumbani asikie Kiingereza tu, la sivyo mwakani hatapanda darasa la kwanza. Ndugu yangu akaja na neno hilo kutoka mkutanoni, akalifanya sheria ya nyumba. Mama hana Kiingereza, isipokuwa salamu ile moja aliyoichukua kwa askari wa zamani, na amekuwa akimpa mjukuu wake salamu hiyo asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa sababu ndiyo yote aliyo nayo.

"Kalas, basi, binti yangu," alisema. "Mimi nitanyamaza tu. Wasije wakamfukuza mtoto."

Rafiki yangu unayesoma, mimi ni mwanamke wa makamo. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha, nimezika watu wangu katika nchi mbili, na nilidhani hasira zangu kubwa nimekwisha kuzitumia. Lakini niliposikia neno lile, nitanyamaza, niliyaangusha majani yote chini. Nilikuwa nimelisikia neno hilo hilo, katika hali hiyo hiyo, nikiwa mtoto. Aliyelisema ni bibi yangu, mama yake mama. Na yule ambaye bibi alinyamaza kwa ajili yake ndiye ndugu yangu huyu huyu aliyekuwa ndani akisikiliza mpira kwenye redio.

Nikueleze mambo yalivyokuwa.

Vita vilipotufukuza tulikimbilia Uganda, tukatua Arua, bibi, mama, mimi na ndugu yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba alibaki upande wa pili na hatukumwona tena. Tulipangisha vyumba viwili katika boma moja na mwanamke aliyeuza vitumbua barabarani, mjane kutoka mbali, asiyejua lugha yoyote ya kwetu ila Kiswahili. Ukitaka kulijua boma lile, lifikirie kwa pua: mafuta ya vitumbua alfajiri, ufuta wa bibi ukikaangwa kwenye kigae mchana, na harufu ya bamia zilizoanikwa juu ya mabati, ambazo mimi ndiye niliyepandishwa kuzigeuza kabla jua halijatua. Kwa sikio, lifikirie hivi: bibi akisema Kibari, lugha ya kwao, ukutani, kwenye kivuli, jiwe la kusagia likimwitikia, mama akigombana na wateja wa sabuni kwa Kiarabu cha Juba, na mama vitumbua akitukana kuni mbichi kwa Kiswahili.

Ndani ya sauti hizo ndugu yangu alijifunza kusema, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumlea, niliona yote. Sikujua wakati ule kwamba naona jambo ambalo watu huliandikia vitabu. Nilidhani naona mtoto anayechekesha.

Mwanzoni kila kitu kilikuwa na jina moja tu, na jina hilo lilitoka kwa yule aliyekuwa wa kwanza kumpa kitu chenyewe. Maji yalikuwa piong, kwa sababu bibi ndiye aliyemnywesha. Chai ilikuwa shai, ya mama. Kitumbua kilikuwa kitumbua. Nani angethubutu kukiita vingine mbele ya mwenyewe? Alipoanza kuunganisha maneno aliyaunganisha kama yalivyo, "shai piong mafi", yaani chai haina maji, na watu wazima watatu walimwelewa kila mmoja kwa upande wake, wakabishana nani ampe. Halafu akafika umri ambao aligundua kwamba kila kitu kina majina mengine yaliyofichwa. Ilikuwa kama homa. Alizunguka boma akiwa ameshika kitu, kijiko, ndizi, siku moja kinyonga aliyekufa, akimwonyesha kila mtu na kungoja aambiwe. Baada ya hapo, kwa miezi, alisema majina yote kwa mfuatano, piong-moya-maji, ili asimkose mtu.

Kisha, bila mtu kumfundisha, akaanza kuchagua. Hili ndilo ninalotaka ulisikie vizuri, maana ndilo walilolipigia fimbo. Alikuwa hajatimiza miaka minne. Alimkimbilia bibi akaomba ufuta kwa Kibari. Akageuka, mdomo ukiwa bado umejaa, akamwambia mama vitumbua kwa Kiswahili kwamba bibi amempa. Akaja kwangu akanisimulia kisa kizima kwa lugha zote pamoja, kwa kuwa alijua mimi ninazo zote. Alipochanganya, alimchanganyia anayechanganya. Hata siku moja hakumpa bibi neno la Kiswahili ambalo bibi hakulijua, na kama lilimponyoka alijigonga mdomo, akalibadilisha. Ukitaka kumwita mtoto wa namna hiyo amechanganyikiwa, mwite pia amechanganyikiwa mwenye duka anayejua mteja yupi anakunywa chai ya tangawizi.

Mama vitumbua ndiye aliyekuwa na mashaka. Alimwambia bibi, mimi nikiwa mkalimani, kwamba mtoto huyu atakuwa kama supu iliyotiwa kila kilichobaki. Bibi alicheka kwa namna yake, mabega tu. Akasema hapimi maji yanayoingia mtungini yametoka kisima gani. Anachungulia kama mtungi unajaa.

Alipofika miaka sita akaanza shule. Ilikuwa shule niliyosoma mimi pia, nami nilikuwa darasa la tano. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wakati ule shule nyingi za pande zile zilikuwa na kitu kile kile, na sitaki kuibebesha moja mzigo wa wote. Kitu chenyewe kilikuwa kibao cha mti kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Anayesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni. Hapo alikuwa na njia moja tu ya kukivua: kumsikia mwenzake akikosea na kumvisha yeye. Jioni kengele ikilia, aliyenacho alichapwa, kisha akamtaja aliyempa, naye akamtaja aliyempa yeye, mpaka mwanzo wa kamba. Waliobuni njia hii walikuwa watu werevu. Hawakuhitaji walimu wa kusikiliza. Walitufanya sisi wenyewe masikio. Nimeona marafiki wa kufa na kuzikana wakitegeana chooni. Nimeona msichana akimkanyaga mwenzake mguu makusudi, kwa sababu alijua kwamba mtu akiumia hulia kwa lugha ya mama yake.

Juu ya kibao kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Yalisema: Mimi ni mjinga, nimesema lugha ya kwetu.

Ndugu yangu alivishwa katika juma lake la kwanza. Ilikuwa karibu na kengele, na kwa bahati ambayo sikuielewa hadi baadaye, mwalimu aliitwa mahali, watoto wakafunguliwa bila kuchapwa. Basi akatoka nacho. Mimi nilikuwa nimepitia kisimani. Yeye alitembea hadi nyumbani na kibao kifuani, akamkuta bibi ukutani, na bibi akamkaribisha kama alivyomkaribisha kila siku, kwa Kibari, akimuuliza kama amekula.

Sasa fikiri kwa akili ya mtoto wa miaka sita, mwaminifu, aliyeelezwa sheria mara moja. Umesikia mtu anasema lugha ya nyumbani. Ufanyeje? Alivua kibao akamvisha bibi yake.

Nilipofika na ndoo kichwani nilimkuta bibi amekaa wima kama bibi harusi. Kibao kilikuwa kimelala juu ya kifua chake, naye alikuwa akikishikashika kwa ncha za vidole. Alifurahi, rafiki yangu, alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu tuvuke mpaka. Hakujua kusoma. Alielewa kwamba mjukuu wake amepewa kitu shuleni, chenye maandishi, na kwamba badala ya kukiweka mwenyewe amekuja kumvisha yeye. Mama vitumbua, ambaye naye hakujua kusoma, alikuwa amekwisha kukisifu.

Nilimvuta mama kando nikamsomea. Alisikiliza, akaegemea nguzo ya mlango. Aliniambia nisifungue mdomo. Mwache mzee alale na furaha yake. Asubuhi bibi atakapokwenda kuoga, yeye mama atakiondoa polepole na kunipa mimi nikirudishe. Ulikuwa mpango mzuri, ila haukumfikiria bibi. Bibi alikuwa na adabu zake. Kwao mtu akikuletea kitu kwa mkono wa mtoto, huendi kulala mara mbili hujamshukuru. Mama alipoamka, mkeka wa bibi ulikuwa mtupu, na kanga yake nzuri ya kufunga begani, ile tuliyoiita lawo, haikuwa kwenye kamba.

Shuleni tulikuwa tumejipanga mstari, wimbo umekwisha, walimu wako mbele. Akaingia langoni. Alikuwa amejipaka mafuta, miguu ikang'aa, lawo imekaa sawasawa, na kibao kiko shingoni. Alipita katikati ya mistari polepole akitusalimia kushoto na kulia. Alifika mbele ya mwalimu wa zamu, akapiga goti kidogo, akapiga makofi laini kama wanavyoshukuru wakubwa, akaanza kumshukuru kwa Kibari. Alimshukuru kwa kumfundisha mtoto kuwakumbuka wazee.

Kicheko kilianza nyuma, kwa wakubwa walioweza kusoma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mwalimu alicheka mpaka akashika mlingoti wa bendera. Alipopata pumzi aliuliza mali hii ya shule ilitokaje nje, na watoto, waliokwisha kufundishwa kazi yao, wakamsukuma ndugu yangu mbele. Alichapwa pale pale. Alichapwa mbele ya bibi yake, ambaye alikuwa bado ameinamisha kichwa, mikono ikiwa bado imekutana kwa ajili ya kofi lililofuata.

Sijui ni kwa njia gani alielewa. Hakuna aliyemtafsiria. Alimtazama mtoto, akamtazama mwalimu, akatutazama sisi sote tulivyokuwa, akakivua kibao. Hakukitupa. Alikiweka juu ya meza ya mwalimu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani, akaondoka kwa mwendo ule ule.

Nyumbani alimwambia mama maneno machache tu, nami nilikuwapo. "Nitanyamaza," alisema. "Mdomo wangu usiwe fimbo ya mjukuu wangu."

Na akanyamaza. Mimi aliendelea kunisemesha; mimi nilikuwa mkubwa, ngozi yangu imekwisha kuwa ngumu. Lakini ndugu yangu hakumpa tena neno. Alimpa ufuta kwenye kiganja. Alimpangusa mafua. Alimwonyesha kwa kidevu pale alipoweka viatu vyake. Naye mtoto, aliyekuwa amejifunza majina ya vitu vyote chini ya mbingu kwa kuzunguka boma, alijifunza pia kwamba bibi ni mtu wa ishara. Lugha ya Kibari ikamtoka kama inavyotoka rangi ya kitambaa kilichosahaulika kwenye kamba. Kiarabu cha Juba alikibakiza nusu. Kiingereza alipata alama nzuri, na watu wakamsifu.

Bibi alifia pale pale Arua, ndugu yangu akiwa na miaka kumi hivi. Siku za mwisho alisahau kwamba amenyamaza. Alimwita mtoto karibu na kitanda akamwambia mengi, kwa sauti ya mtu anayefungua sanduku: mto wa kwao, ng'ombe waliokuwa na majina, namna ya kumjua nyoka kwa harufu. Alimuuliza maswali. Ndugu yangu alisimama ameshika chuma cha kitanda. Nadhani alielewa zaidi ya nusu. Alitikisa kichwa panapofaa. Lakini hakuwa na neno moja la kurudisha, na bibi alipogundua hivyo alimpapasa mkono, akamwambia haidhuru, haidhuru. Wakati ule nilisikitika. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba nilipaswa kukasirika.

Basi sasa unaelewa kwa nini Jumapili ile niliyaacha majani ya kudra chini nikaingia ndani na kuzima redio.

Ndugu yangu si mtu mbaya. Ana kazi ya ofisini, ana subira, anamlea mama bila kunung'unika. Aliniambia niketi. Nilikataa. Nilimuuliza kama anamkumbuka bibi akiingia langoni mwa shule. Nilitaka aseme amesahau; nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpiga nayo endapo angesema amesahau.

"Nakumbuka, dada," alisema. "Kila kitu. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana huyu wangu atakuwa na moja tu. Mtu hana lugha ingine, watampiga kwa ajili ya nini?"

Wifi yangu, mke wake, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko. Yeye ni Mganda, anauza vitenge sokoni, na mtoto amepata Kiswahili chake kwake. Alisema kwa sauti ya chini, akimtazama mumewe na si mimi, "Lakini wewe baba mtoto, mimi Kiingereza ya kumwimbia mtoto alale sina." Kisha akarudi kwenye sufuria yake. Ndugu yangu akasema lugha ya kubembelezea mtoto haimpeleki mtu ofisini. Akasema sisi pia tulipigwa na bado tuko, au mimi nilikufa? Akawasha redio.

Nilirudi verandani nikaanza kuokota majani ya kudra. 

Jumatano nilikwenda Atlabara kumwona mwalimu mkuu. Alinipokea vizuri, mwanamke wa umri wangu, na nilimsikiliza kwa uangalifu. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba watoto wa siku hizi hawana lugha safi. Alitoa mfano wa binti yetu: aliletewa kikombe cha maji darasani akasema, "Ticha, moya de iko baridi, ana ma deru." Maji haya ni baridi, sitaki. Lugha tatu, alisema, kwa kikombe kimoja. Mimi niliisikia sentensi ile nikataka kuinuka nimbusu aliyeitunga. Mwalimu anaitwa ticha. Kitu kinatajwa kwa lugha ya haboba, yaani bibi, anayekichota kila siku. Hali yake inaelezwa kwa Kiswahili cha mama. Na kukataa, kule kukataa kwenyewe, kunarudi kwa bibi, ambaye ndiye anayekubali kukataliwa. Hapakuwa na neno lililokosea mahali pake.

Tulipokuwa tukizungumza simu yake ililia akaipokea kwa Kiarabu cha Juba, akacheka, akaingiza Kiingereza katikati, akamalizia kwa Kiswahili kwa sababu aliyempigia, nadhani, alikuwa na mtu mwingine kando. Kisha akachungulia dirishani akamtuma mlinzi kwa lugha mbili aende kuita mwuza chai.

Nilimuuliza, "Na wewe, mwalimu, umechanganyikiwa lini?"

Alinitazama. Hakuwa mjinga, alielewa mara moja. "Mimi ni mtu mzima," alisema.

"Huo utu uzima uliupata kwa kunyamaza?"

Hapo alikunja midomo, akaniambia kwamba shule haiingii nyumbani mwa mtu. Wao walishauri tu. Baba wa mtoto ndiye aliyesimama mkutanoni kuuliza kama ushauri huo unaweza kufanywa sheria, na hakuna aliyemlazimisha. Darasa la kwanza mtoto atapanda, alisema, kama mzazi anataka apande. Nilitoka nje na hasira yangu yote mikononi, bila pa kuiweka. Nilikuwa nimeileta kwa mgeni, kumbe mwenyewe ni wa nyumbani.

Majuma yakapita. Wifi alinipigia simu mchana akiwa sokoni, akaniambia mtoto sasa anaonyesha vitu kwa kidole hata mahali ambapo baba yake hayupo. Hasemi Kiingereza. Hasemi chochote. Kisha asubuhi moja pikipiki ilisimama mlangoni kwangu, Malakia, na mama akashuka, mfuko mmoja begani, sufuria yake imefungwa kwa kanga. Nilikimbia kumshika mkono. Alisema amechoka kuwa bubu katika nyumba ya mwanawe, kisha akauliza kama nina sukari.

Tangu siku hiyo mama anasema. Ananieleza habari za jirani aliyeolewa upya, na kwamba nimekonda. Lakini jioni hukaa upande wa uani unaotazama barabara, na hapo hunyamaza tena.

Mara nyingine nikimsikiliza huwa najaribu kukumbuka Kibari cha bibi, na ninakuta mashimo. Alipofika kumtajia ndugu yangu yale majina ya ng'ombe, mimi nilikuwa nimetoka kidogo kuteka maji, na aliyeyasikia hakuweza kuyashika. Lilikuwapo neno la ufuta ulioungua upande mmoja tu. Lilikuwapo neno la mtoto anayejifanya amelala. Mama analo moja kati ya hayo mawili na hana hakika ni lipi. Boma la Arua halipo. Nilipita hapo mwaka mmoja nikakuta ghala la saruji. Mama vitumbua sijui amelala wapi. Watu husema vitu hivi vimepotea, kana kwamba vilidondoka njiani mfukoni. Havikudondoka. Vilinyang'anywa mbele ya mstari wa watoto wanaocheka, na kila mmoja wetu aliyekuja nyuma amekuwa akiombwa amalizie kazi kwa mikono yake mwenyewe, na kwa upendo.

Ndugu yangu hapokei simu zangu. Kwa hiyo katikati ya Aprili nilimwandikia barua, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyotumia kugombana tangu utotoni, nikampa wifi ampelekee. Hii hapa.

*Ndugu yangu,*

*Uliniuliza swali, na sikukujibu siku ile. Ulisema mtu asiye na lugha nyingine hawatakuwa na cha kumpigia. Nimelifikiri hadi kichwa kimeniuma. Jibu langu ni hili: wewe walikupiga mara moja, kwa fimbo, mbele ya watu. Kitandani pa bibi hakuna aliyekugusa, nami nilikuona. Niambie ni lipi kati ya hayo mawili linalokuamsha usiku.*

*Sikulaumu kwa ajili ya bibi. Ulikuwa na miaka sita na ulitii sheria uliyopewa. Nakulaumu kwa ajili ya mama. Leo una miaka yako yote na sheria umeitunga wewe.*

*Nilikwenda shuleni. Mtoto atapanda darasa. Wamesema kwa vinywa vyao, kamuulize mwalimu mkuu. Kwa hiyo hofu uliyonayo si ya shule tena. Ni yako, na sitakubali mtoto wa miaka minne aibebe.*

*Mama hajakasirika, ukitaka kujua. Hilo ndilo linalonikasirisha mimi. Anasema umefanya kwa mapenzi. Ninajua umefanya kwa mapenzi. Hata hivyo mtoto wako hasemi, na mkeo anaogopa kukwambia, basi nakwambia mimi.*

*Jumamosi umlete hapa Malakia. Usimwelekeze njiani aseme nini. Ukitaka kumwacha mlangoni na kuondoka, ondoka. Ukiingia, utapewa kiti na chai, na utakaa kimya mpaka jioni, wewe safari hii, huku wao wawili, mama na mtoto wako, wakizungumza.*

*Dada yako.*